Kabla hayajawa chuma chakavu: Namna ya kuhifadhi malori ya kale na mabehewa ya Tunduma kwa bati na rula

WAKATI madereva wa malori wakisubiri zamu ya kuvuka mpaka wa Tunduma kuingia Nakonde, nchini Zambia, ni wachache kati yao wanaokumbuka kwamba njia wanayoipita iliwahi kupitwa na malori ya vita, malori ya mapipa ya mafuta na malori yaliyobeba vifaa vya kujengea reli.

Magari hayo hayapo tena barabarani. Lori linapochakaa hukatwa vipande na kuuzwa kuwa chuma chakavu, na behewa likiondolewa relini mwisho wake hauwi tofauti sana. Kinachobaki ni picha chache zilizofifia na simulizi za wazee.

Ipo, hata hivyo, njia ya kuvirudisha vyombo hivyo mbele ya macho ya vijana isiyohitaji fedha nyingi wala karakana kubwa. Ni fani ya kujenga modeli, yaani mifano midogo ya vyombo halisi, kwa kuanza na bati, kadibodi na waya mtupu, bila kununua vipande vilivyokwisha kukatwa kiwandani.

Fani hiyo ina wapenzi wengi Ulaya, Marekani na Japani. Mkoani Songwe malighafi yake imejaa mitaani, na mikono inayoiweza hufunzwa tangu utotoni. Kinachokosekana mara nyingi ni kitu kimoja tu, nacho ni kipimo.

Njia iliyopitwa na mengi

Ili kuelewa kwa nini kazi hii ina maana Tunduma kuliko miji mingine mingi, ni vyema kwanza kutazama historia ya njia yenyewe.

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, eneo hili lilikuwa mpaka kati ya Afrika Mashariki ya Wajerumani na Rhodesia ya Kaskazini ya Waingereza. Mizigo mingi ya majeshi ilibebwa na wapagazi vichwani na mabegani, kwa kuwa barabara za magari zilikuwa chache na ndorobo waliwaua wanyama wa kubebea mizigo.

Katika Vita Kuu ya Pili hali ilibadilika. Mwaka 1940, misafara ya malori ya jeshi la Afrika Kusini ilisafiri kwa Barabara Kuu ya Kaskazini kutoka Broken Hill, mji ambao sasa huitwa Kabwe, hadi Nairobi, ili kuwakabili Waitaliano waliokuwa Somalia na Ethiopia. Mengi ya malori hayo yalikuwa ya Ford na Chevrolet.

Robo karne baadaye njia hiyo ilijaa malori tena. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru, na Zambia ikajikuta njia yake ya kusini ya kupitishia mafuta na shaba imo hatarini. Malori yakaanza kusafirisha mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma, kwa barabara iliyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ajali zilikuwa nyingi kiasi kwamba safari hiyo ilifananishwa na safari ya jehanamu.

Mwaka 1966 Tanzania na Zambia zilianzisha kampuni ya pamoja ya usafirishaji, na malori yake ya Fiat kutoka Italia yakazoeleka katika njia hiyo. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi na kuyapunguzia malori sehemu ya mzigo huo.

Kisha ikaja reli. Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970, na Agosti 1973 reli ikafika Tunduma. Reli nzima, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa kwa serikali za Tanzania na Zambia Julai 1976.

Miongoni mwa magari yaliyofanya kazi ya ujenzi huo ni malori ya Kichina ya Jiefang, jina lenye maana ya ukombozi. Lori la kwanza la aina hiyo lilitoka kiwandani Changchun mwaka 1956, likiwa limeigwa kutoka lori la Kisovieti la ZIS-150. Kwa miongo mingi lilitumiwa na raia na pia na jeshi la China.

Gari la waya na tofauti yake

Mtoto aliyekulia Tunduma, Vwawa au Mlowo hahitaji kuelezwa kwamba gari linaweza kutengenezwa kwa takataka. Waya hukunjwa ukawa fremu, kopo likawa boneti, na soli ya ndala iliyokwisha ikakatwa magurudumu. Fimbo ndefu yenye usukani huliongoza gari hilo barabarani. Nchini Malawi, magari kama hayo hujulikana kwa jina la galimoto.

Kazi hiyo si ya kubezwa. Mtoto anayekunja waya bila mchoro anafanya jambo ambalo watu wazima wengi hulishindwa: anaona umbo zima kichwani kabla ya kugusa kifaa.

Hata hivyo, gari la waya ni picha ya lori lolote, ilhali modeli ni kumbukumbu ya lori fulani. Fundi wa modeli hujifunga kwa sharti kwamba kila kipande, kuanzia urefu wa boneti hadi unene wa bawaba, kiwe kimepunguzwa kwa kiwango kilekile. Sharti hilo ndilo linaloigeuza kazi ya mikono kuwa kumbukumbu inayoweza kuaminiwa.

Kipimio ni nini

Wanafunzi hukutana na kipimio wanaposoma ramani. Ramani ya kipimio cha 1:50,000 humaanisha kwamba sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini. Modeli hutumia kanuni hiyohiyo, isipokuwa hupunguza urefu, upana na kimo kwa pamoja.

Kwa magari ya kijeshi, kipimio kilichozoeleka duniani ni 1:35. Asili yake inachekesha kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza modeli ya kifaru cha Kijerumani kilichotembea kwa mota, na ukubwa wake ukaamuliwa na nafasi ya kuweka betri ndani. Hesabu ilipopigwa ikaonekana ni 1:35, na kipimio hicho kikaenea duniani kote.

Mfano wa karibu unaweza kusaidia. Kimondo cha Mbozi, kilichopo mkoani Songwe, kina urefu wa karibu mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Kikipunguzwa kwa 1:35, urefu wake utakuwa kama sentimita 8.5. Uzito, kwa upande wake, hupungua mara 35 kwa urefu, mara 35 kwa upana na mara 35 kwa kimo. Tani 16 hubaki chini ya gramu 400, yaani kitu cha kutia mfukoni.

Kwa lori la Jiefang, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 4. Katika 1:35 umbali huo ni milimita 114. Fundi akikosea akaweka milimita 120, lori halisi litakuwa limerefushwa kwa sentimita 20, na dereva aliyeliendesha atalitazama na kusema kwamba kuna kitu hakiko sawa, hata kama hataweza kukitaja.

Kwa mabehewa ya TAZARA kuna kipimio kinachofaa zaidi. Upana wa reli hiyo, ukipimwa kati ya kingo za ndani za vyuma viwili, ni milimita 1,067. Ukigawanywa kwa 64 unapata milimita 16.7, ambazo zinakaribia sana njia za milimita 16.5 za treni ndogo zinazouzwa sehemu nyingi duniani. Kwa sababu hiyo, wajenzi wa modeli katika nchi zenye reli za upana huo, kama New Zealand, wamekuwa wakitumia 1:64.

Msomaji asidhani kwamba tofauti ndogo haina maana. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na tofauti hiyo ya milimita 67 inatosha kulizuia behewa la TAZARA kupita juu yake. Ndiyo maana kilijengwa kituo cha kuhamishia mizigo huko Kidatu. Reli mpya ya kisasa, SGR, ina milimita 1,435. Fundi asiyejua anajenga behewa la reli ipi atakuwa amekosea kabla ya kukata kipande cha kwanza.

Vipimo vinapatikanaje

Njia bora ni kupima chombo chenyewe kwa futi ya chuma, kikiwa kimesimama mahali salama na kwa idhini ya mwenyewe. Jambo hilo lisichukuliwe kwa wepesi. Kuingia katika eneo la reli bila ruhusa ni hatari na ni kosa, na maeneo ya jeshi hayapigwi picha wala kukaribiwa kiholela. Anayetaka kupima behewa amwone kwanza mkuu wa stesheni. Wala haifai kung'oa kipande chochote kwa ajili ya kumbukumbu, kwani anayekwenda kuhifadhi hapaswi kuwa wa kwanza kubomoa.

Pale ambapo chombo hakipo tena, picha inaweza kuwa rula, ilimradi ndani yake kuna kitu kimoja ambacho ukubwa wake unajulikana.

Kwa behewa lililopigwa picha kutoka nyuma, kitu hicho ni reli yenyewe. Tuseme kwenye picha nafasi kati ya vyuma vya reli ni milimita 40. Kwa kuwa nafasi halisi ni milimita 1,067, kila milimita ya picha ni sawa na milimita 26.7 za kweli. Mwili wa behewa ukionekana una milimita 98 kwenye picha hiyo, upana wake halisi ni takriban mita 2.6.

Kwa lori, rula ni gurudumu. Ubavuni mwa tairi huandikwa namba kama 9.00-20, na namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Malori mengi ya zamani yalitumia rimu za inchi 20. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kipimo hicho huchukuliwa mahali tairi linapokalia, na ukingo unaoonekana nje ni mkubwa zaidi. Jambo la busara ni kwenda gereji yenye rimu ya inchi 20, kuupima ukingo huo na kuandika jibu.

Njia hii ina mpaka wake. Hesabu ni sahihi tu kwa vitu vilivyo katika umbali uleule kutoka kwenye kamera. Kilicho mbele huonekana kikubwa, kilicho nyuma hudogoka. Kwa hiyo picha zifaazo ni zile zilizopigwa kwa mbali, kamera ikitazama ubavu au mgongo wa chombo moja kwa moja.

Kutoka mchoro hadi rangi

Kazi huanza mezani kwa penseli. Fundi huchora chombo kutoka mbele, ubavuni na juu, katika ukubwa uleule wa modeli, ili kila kipande kiweze kulazwa juu ya mchoro na kulinganishwa.

Behewa la mizigo lenye paa ni chaguo zuri kwa anayeanza, kwa kuwa kimsingi ni sanduku. Fremu ya chini hutengenezwa kwa vijiti vya mishikaki au vipande vya mbao ngumu. Kuta hukatwa kutoka kwenye kadibodi nzito na kupigwa gundi pande zote mbili ili unyevu usizipinde. Mbavu za chuma zinazosimama ubavuni mwa behewa huwekwa kwa vipande vyembamba vya kadi za plastiki zilizokwisha kutumika. Bogi, yaani fremu ndogo zinazobeba magurudumu, hujengwa peke yake na kuachwa zizunguke kwenye msumari mmoja, kama zinavyozunguka bogi za kweli kwenye kona.

Lori ni gumu zaidi kwa sababu ya mikunjo ya boneti na madigadi. Hapo bati la makopo hufaa kuliko kadibodi. Hupashwa moto kidogo ili lilainike, kisha hukunjwa juu ya kipande cha mbao kilichochongwa kwa umbo linalotakiwa. Maungio hushikwa kwa gundi kali au kwa risasi ya kulehemu, kazi ambayo hufanywa mahali penye hewa kwa kuwa moshi wake ni sumu. Kingo za bati hukata kama wembe, hivyo hulainishwa kwa tupa kabla ya jambo lingine lolote.

Vichwa vya ribiti hupatikana kwa kulibonyeza bati kutoka nyuma kwa msumari butu, bila kulitoboa. Turubai la nyuma hutengenezwa kwa karatasi laini iliyolowekwa kwenye gundi ya mbao iliyochanganywa na maji. Ikikauka hubaki na mikunjo inayofanana na ya turubai halisi. Vioo hutoka kwenye chupa za maji, na matairi hukatwa kwenye soli za ndala kwa bomba lililonolewa, kisha husuguliwa kwa msasa hadi yawe duara kamili.

Lipo jambo moja linalowashangaza wanaoanza. Bati la mwili wa lori halisi lina unene wa takriban milimita 1. Likipunguzwa mara 35 hubaki sehemu ya 3 kati ya 100 za milimita, yaani jembamba kuliko karatasi ya daftari. Hakuna bati la kopo linaloweza kufikia wembamba huo. Fundi hodari haijaribu kazi hiyo isiyowezekana. Husugua ukingo unaoonekana tu, na jicho la mtazamaji humalizia lililobaki.

Mwisho ni rangi. Hupakwa tabaka nyembamba kadhaa badala ya moja zito, kwa kuwa rangi nzito huzimeza ribiti na bawaba. Vumbi jekundu la barabara za Songwe, likichekechwa kwenye kitambaa chepesi na kupakwa kwa brashi, hukamilisha lori kuliko rangi yoyote ya dukani.

Modeli inayosema uongo

Hatari kubwa ya fani hii ni uzuri wake. Modeli iliyokamilika humshawishi mtazamaji kwamba kila kitu ndivyo kilivyokuwa, hata pale ambapo fundi alikisia.

Kwa sababu hiyo, wajenzi makini huweka daftari kwa kila modeli. Huandika kipimo kipi kilichukuliwa kwa futi, kipi kilitoka kwenye picha na kipi ni makisio. Wengine hubandika maelezo hayo chini ya modeli yenyewe. Daftari hilo lina thamani sawa na modeli, kwani litamwezesha fundi wa baadaye kusahihisha bila kuanza upya.

Rangi ndiyo inayoongoza kwa makisio. Picha nyingi za miaka ya 1940 na 1960 ni nyeusi na nyeupe, na haziwezi kuonyesha kama lori lilikuwa la kijani au la kijivu. Hapo ndipo wazee wanapohitajika. Kijana anayepiga hodi, akatoa shikamoo na kumwomba mzee aliyewahi kuendesha lori au kufanya kazi relini amsimulie, anaweza kupata jambo ambalo halimo katika picha yoyote: mahali palipofungwa pipa la maji, jina lililoandikwa juu ya kioo, au mlango uliofungwa kwa kamba kwa sababu kitasa kilikatika.

Lakini kumbukumbu ya mtu nayo huchakaa. Ni vyema kuwauliza watu wawili au watatu kila mmoja kwa wakati wake, na kuandika majibu yote, hata yanapopingana.

Muda hausubiri

Septemba 2024, jijini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilisaini hati ya makubaliano kuhusu kuifufua TAZARA, tukio lililoshuhudiwa na marais wa nchi hizo tatu. Ni habari njema kwa biashara ya mpakani. Lakini ufufuaji wa reli yoyote huja na vichwa na mabehewa mapya, na mabehewa mapya huyaondoa ya zamani.

Kwa upande wa watu, hesabu ni ya wazi zaidi. Dereva aliyekuwa na umri wa miaka 25 alipokuwa akipeleka mafuta Zambia mwaka 1966 alizaliwa mwaka 1941. Walio hai katika kundi hilo wamevuka miaka 80.

Nchi jirani zimeonyesha kwamba historia ya usafiri inaweza kutunzwa. Nairobi ina makumbusho ya reli tangu mwaka 1971, na mji wa Livingstone nchini Zambia nao una makumbusho ya reli. Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, hauhitaji kusubiri jengo kubwa la namna hiyo ili kuanza. Kabati moja la kioo katika shule ya sekondari linatosha kuhifadhi lori la mwaka 1940, lori la mafuta la 1966, Jiefang la ujenzi wa reli na behewa la TAZARA, yote yakiwa na madaftari yake.

Kazi hiyo ingewafaa pia wanafunzi wa mkondo wa amali ulioanza kutekelezwa chini ya mtaala ulioboreshwa. Ndani ya behewa moja dogo mna uwiano, uchoraji wa kiufundi, useremala, ufundi bati na historia, na gharama yake kubwa ni saa za kukaa na kupima.

Chuma chakavu huuzwa kwa kilo, na kikishapelekwa tanuruni hakirudi. Vipimo vyake, vikiandikwa leo katika daftari la shilingi chache, vitabaki kumwezesha mtoto ambaye bado hajazaliwa kulijenga upya lori ambalo babu yake aliliendesha.